Pini ya Tarpley

Siku posta ya mji mdogo wa Tarpley ilipofungwa, Bi Vernell Stribling aliibandua ramani ukutani kwa mikono yake, akaikunja, akaitia kwapani na kuvuka nayo barabara hadi duka la chambo la Hollis Crump.

"Sogeza hayo matangi ya samaki," akamwambia. "Hii inakaa hapa."

Hollis akasogeza. Nani abishane na mwanamke aliyezishika barua zako miaka thelathini na mmoja, anayejua nani anakuandikia na nani aliacha zamani?

Ilikuwa ramani ya jimbo zima la Mississippi, imejaa pini alizozirudisha moja moja. Kila Agosti, vyuo vilipotoa orodha za wachezaji wa mpira, ule wa kofia ngumu na vikumbo unaowatia wazimu watu wa huku kuanzia mtoto mchanga hadi mchungaji, Bi Vernell alivaa miwani akapitia jina, uzito, namba ya jezi, kisha kile alichokitaka hasa: huyu kwao wapi. Hapo ndipo alipochomeka pini. Watu walikuja kununua minyoo wakaishia kubishana mbele ya ule ukuta. Clayburn, mji wa jirani ulioimeza shule ya Tarpley, ulikuwa na pini saba. Tarpley sifuri. Orodha haikuwahi kuitaja hata mara moja!

Na sharti lake lilikuwa moja tu: pini inakaa pale orodha iliposema. Mchungaji mwenyewe aliwahi kumbembeleza amsogezee mpwa wake maili nne tu upande wa mtoni. Akaambulia patupu.

Sasa Agosti hii kijana wa Tarpley, Tavarius Moody, alikuwa amepata jezi chuoni. Ndiyo, Tavarius yuleyule wa nyuma ya ghala la pamba, aliyevunja kiti cha kanisa kwa kukikalia. Wiki mbili nzima Bi Vernell alitembea na pini nyekundu kwenye kola ya blauzi, akiisubiri orodha. Alikuwa na miaka sabini na mbili, shule imeondoka, posta imeondoka, na alitaka jambo moja tu: kuiona Tarpley imo ramanini.

Orodha ikaja. Moody, Tavarius. Ratili mia tatu na tano. Clayburn.

"Ya nane hiyo!" Hollis akapiga meza. Yeye alizaliwa Clayburn na hakuacha mtu asahau. "Chomeka, Bi Vernell, tusicheleweshane."

"Funga mdomo, Hollis."

"Mimi nimesema nini? Sharti ni lako."

Hakuichomeka. Jumamosi Tavarius alikuja nyumbani kumwona bibi yake, akapitia dukani kununua karanga za kuchemsha. Alikuta ameshawekewa kikao.

"Wewe," Bi Vernell akaanza, "nani alikwambia kwenu ni Clayburn?"

Kijana akaganda na karanga mkononi. "Wewe, Bi Vernell."

"Mimi?"

"Posta ilipofungwa. Ulipita nyumba kwa nyumba na vikaratasi, ukatuambia kuanzia leo kila fomu tuandike Clayburn, la sivyo barua zitapotea. Bibi alikibandika kikaratasi chako kwenye friji. Mpaka leo kipo."

Hollis alitaka kucheka, akamtazama mama yule usoni, akaacha. Bi Vernell aliketi juu ya ndoo ya chambo. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Maana kijana alisema kweli: alipita hata kwenye mvua, asiruke mlango, akaifuta Tarpley kwa mkono wake mwenyewe huku akijiona anawatendea watu wema.

"Haya, basi iweke Tarpley," Hollis akasema, sauti imeshuka. "Wote tunajua katokea wapi. Hata mimi sitasema neno."

"Siweki kabla orodha haijasema."

Tavarius alikuwa amesogea ukutani. "Mbona hapa Tarpley pana tundu?"

Samaki wakazunguka kwenye matangi yao.

"La Roderick," akasema Bi Vernell.

Roderick ni mwanawe, fundi wa malori huko Jackson. Miaka ishirini iliyopita alikwenda kujaribiwa chuoni, na mama mtu, kwa furaha, akaichomeka pini kabla ya orodha. Roderick akaachwa nje ya timu. Alirudi akamkuta mama yake anaing'oa. Tangu siku hiyo hajatazama mpira tena; ukianza kwenye televisheni, anatoka nje.

"Kwa hiyo mimi sitangulii orodha," akamaliza.

Tavarius alizitua karanga, akatoa simu, akapiga ofisi ya timu papo hapo. "Samahani, mama," akamwambia aliyepokea, "niliandika vibaya mahali ninapotoka." Akaambiwa ajaze fomu nyingine, orodha itatolewa upya Alhamisi ya kabla ya mechi ya kwanza.

Alhamisi hiyo duka lilijaa, na hakuna aliyenunua hata mnyoo. Hollis ndiye aliyesoma. "Moody, Tavarius. Ratili mia tatu na kumi. Ameongezeka huyu!"

"Hollis!"

"Tarpley."

Watu wakapiga kelele hadi mbwa wa nje akabweka. Bi Vernell alitoa pini kwenye kola. Ncha ilijua njia. Iliingia kwenye tundu lilelile, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikagusa ubao.

Kisha akaomba simu ya dukani.

"Roderick, mwanangu. Lile tundu lako limepata mtu."

Upande wa pili zikasikika spana zikigongana.

"Mtoto wa nani?"

"Wa kwa akina Moody. Anacheza mstari wa mbele, kwenye vikumbo."

"Mwambie akunje magoti. Wale wenye miili mikubwa husahau kukunja magoti."

"Nitamwambia."

Alidhani mwanawe amekata simu. Halafu akamsikia akikohoa.

"Mama," akasema Roderick, "mechi ni saa ngapi?"