Mtumbwi wa Mchangani

Mume wangu alikuwa Mzinza wa kando ya ziwa, upande wa Geita. Mimi ni Msukuma wa karibu na Tinde, nimekua nikijua kwamba mto ni mahali pa kuchimba maji. Aliletwa kwetu kuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha kuchambulia pamba, akaniona, akanioa, kisha akaanza kukonda. Hakuwa mgonjwa. Alilitamani ziwa. Jioni alikaa mlangoni akiitazama mbuga, nami nikawa na hofu moja tu: huyu ipo siku atarudi kwao.

Kwa hiyo mtumbwi niliudai mimi, si yeye. Nilimwambia auunde, nikaona macho yake yanafunguka. Mbao zilikuja juu ya lori la pamba, akaunda, tukauweka mtoni. Nasema mtoni, lakini mto wetu ulipata maji siku chache tu masika yakikolea. Ukichelewa kufua, umekuta mchanga.

Watu walikuja kucheka, wengine wakabaki. Hivyo ndivyo chama chetu kilivyoanza. Tulikuwa sita: sisi wawili, mwalimu wa shule, mkunga wa zahanati, karani wa mizani pale kinuni, na mama mmoja muuza maziwa ambaye hakuwahi kuingia maji yanayomfika magotini. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa mtumbwini, kila mtu nafasi yake, tukapiga makasia hewani. Mume wangu alikaa nyuma yangu akituimbia mapigo. Wachungaji waliokuwa wakivusha ng'ombe walisimama kutusalimu kwa Kisukuma na kutuchokoza.

"Mwangaluka! Mmefika wapi leo?"

"Ndiyo kwanza tunaiacha Kagongwa," mwalimu alijibu.

Wiki nyingine tulijibu kwamba tuko Bulyanhulu, tukielekea ziwani. Mkunga alitaka tupumzike hapo siku mbili kwa sababu alikuwa na shangazi yake huko. Mume wangu alicheka hadi akashika mbavu, na nyama zikaanza kumrudia.

Ada ya chama ilikuwa ndoo moja ya maji kwa wiki, kutoka visima vya mchangani, ya kumwaga ndani ya mtumbwi. Mbao zikikauka hupasuka.

Kisha mwaka mmoja mvua ikagoma. Visima vikazama mpaka mchotaji akawa anashuka kwa ngazi, na ng'ombe wakaanza kuanguka njiani. Mume wangu alituita. "Kuanzia leo maji ni ya watu," alisema. "Mtumbwi tuuache." Hakuna aliyebisha, hata mimi. Lakini kila nilipopita pale nikaona mbao zimeanza kuachana, nilimwona kichwani mwangu akifunga mizigo.

Mimi ni mbishi, tangu utotoni. Maji niliyooshea vyombo na niliyofulia, ambayo yalikuwa ya mchicha wangu, nikaanza kuyapeleka mtoni alfajiri kwenye karai, nikayanyunyizia kwenye maungio ya mbao. Mchicha ukafa wote.

Alinigundua kwa pua. Jumapili moja aliinama, akapitisha kidole kwenye ubao, akanusa.

"Mke wangu, nani anafulia humu?"

Nilimwambia yote, pamoja na ile hofu. Alifuta kidole chake kwenye suruali.

"Unadhani ni ubao ulionishika hapa?" aliniuliza. "Lori la pamba linaondoka kila wiki, ningetaka ningepanda. Mlikubali kukaa nami mchangani. Kwetu nitaenda kutafuta nini?"

Nililia, sikuficha.

Masika yaliyofuata mto ulijaa. Mtumbwi ulielea ukivuja kila upande, mama muuza maziwa akichota maji kwa kibuyu chake na kuwaomba watakatifu. Tulifika kwenye kivuko cha ng'ombe, tukarudi tumelowa chapachapa. Kesho yake yalibaki matope. Sijapata kucheka hivyo tena maishani.

Alipostaafu nilimfuata kwao, maana naye alikuwa amekaa kwetu vya kutosha. Sasa amelala kwenye mwinuko unaolitazama ziwa, na mimi nimebaki huku. Shemeji zangu wananiletea samaki mpaka naona aibu. Lakini nimechoka kuona maji kila ninapofungua mlango. Nautamani mchanga ule, vumbi la ng'ombe, na sauti ya karani akilalamika kwamba kasia lake ni zito. Mume wangu alipotamani kwao, alikuwa na watu watano wa kukaa naye. Mimi sina wa kumweleza.

Juzi asubuhi nilipanda mtumbwi mmoja uliovutwa ufukweni, nikakaa nafasi yangu, ya pili kutoka nyuma. Wifi yangu mkubwa akanikuta. Ni mwanamke wa maneno machache, na nilijiandaa kukaripiwa. Alitua ndoo yake, akanitazama, akatazama mchanga.

"Wifi," akasema, "umefika wapi?"

Sikuwahi kumsimulia. Kaka yake ndiye aliyemsimulia, na sijui lini.

"Nimeshapita Kagongwa," nikamjibu.

Akakunja kanga yake, akapanda, akakaa nyuma yangu, akaokota kasia.