Herufi Moja Katika Kichwa cha Jibu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ndogo ya programu za kompyuta huko Ruti, pembezoni mwa Mbarara, Mhandisi Mkuu hakunipa chochote cha kuandika. Alifungua ukurasa wa wavuti, akanionyesha mistari iliyotangulia ukurasa wenyewe. Nilikuwa mama wa makamo niliyetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kanda ya Juru. Kwetu Kivu Kusini nilifundisha hesabu. Programu nilijifunza ukimbizini.

"Hii watu hawaoni," alisema. "Lakini brauza inaona. Soma yote."

Mistari ile huitwa vichwa vya jibu. Seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, huvituma kwanza ili kivinjari, yaani brauza, ile programu tunayosomea kurasa, kijue namna ya kuupokea ukurasa: ni wa aina gani, wa lugha gani, nakala yake ihifadhiwe au isihifadhiwe. Kila kichwa kina jina na thamani. Wakati huo tuliviandika kama maneno matupu, herufi kwa herufi, popote vilipohitajika.

Mwaka wa pili nilihamishiwa kitengo cha afya. Zahanati moja ya binafsi mjini Mbarara ilitaka wagonjwa wasome majibu ya vipimo kwenye kompyuta ya ukumbini, na ukurasa huo niliuandika mimi. Amri ya kukataza kivinjari kisihifadhi nakala ni "no-store". Mimi niliandika "no-stor". Kivinjari kikikuta neno kisilolijua hakilalamiki, hulipita tu. Tulijaribu ukurasa, ukafunguka vizuri, tukaukabidhi.

Mama Brenda, mke wa sajenti wa kambi ya jeshi ya Makenke, alisoma majibu yake, akafunga akaunti, akaondoka. Jirani yake wa kambini, aliyemfuata kwenye foleni, alibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na nakala ikajitokeza. Mama Brenda alikuwa mjamzito. Siku ya pili safu yote ya nyumba zao ilijua.

Alikuja ofisini mwenyewe.

"Mimi nilinyamaza," alimwambia Mhandisi Mkuu. "Mimba mbili zilitoka. Hii nilitaka ikae kwanza, hata bwana yangu nilikuwa bado kumwambia. Ameambiwa na watu njiani. Nani aliandika hii kitu?"

Zahanati ilikuwa imetupigia simu asubuhi ile, na herufi iliyokosekana nilikuwa nimeshaiona. Niliwaza kusema kosa ni la kivinjari. Ningeweza kuaminiwa, na niliogopa kurudi Juru bila kazi.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Nilikosa herufi moja. Unisamehe."

"Pole yako nimesikia. Lakini bwana yangu, siwezi kumwambia tena mara ya kwanza."

Akaondoka.

Mhandisi Mkuu hakunifukuza. "Wewe si wa mwisho kukosa herufi," alisema. "Tengeneza kitu ambacho kinakataa."

Nikatengeneza klasi. Klasi ni kiolezo ndani ya programu kinachobeba data pamoja na masharti yake. Niliiita UhifadhiWaJibu. Tangu hapo hakuna aliyeandika amri ile kwa mkono. Uliita usihifadhi() au hifadhiKwaDakika(10), na klasi yenyewe, mahali pamoja tu, ikaligeuza ombi kuwa maandishi ya kutumwa. Ukikosea jina, programu haianzi. Ukiagiza yote mawili kwa pamoja, inasimama na kukueleza sababu.

Kwa woga niliendelea, nikaandika klasi kwa kila kichwa nilichokijua. Mhandisi Mkuu alizisoma zote, akafuta zaidi ya nusu.

"Hii haina sharti, ni jina na thamani tu. Iache maandishi," alisema. "Klasi weka pale ambapo kosa linaumiza mtu."

Baadaye nilisikia kwa muuguzi kwamba Mama Brenda alijifungua salama, hospitali nyingine. Kwenye zahanati ile hakurudi tena. Sikumlaumu.

Sasa nimestaafu, nalima maharage Juru. Majirani huniuliza nilikuwa nafanya nini Mbarara miaka yote ile, na kueleza si rahisi, kwa sababu kazi yangu ikienda vizuri hakuna anayeiona. Mengi niliyoandika yameshafutwa na wengine, ndivyo inavyopaswa. Klasi ile niliiacha ikiwa bado inatumika.

Siku yangu ya mwisho kazini, mwanamke wa kwetu, kutoka Bukavu, aliyechukua nafasi yangu aliniita mezani kwake.

"Mama, hii klasi yako inakatala kazi yangu."

"Inasema nini?"

"Inasema siwezi kuandika usihifadhi() na hifadhiKwaDakika(10) fasi moja. Mimi nilitaka tu nakala ikae, ukurasa ufunguke mbio."

"Ukurasa ni wa nini?"

"Majibu ya damu."

"Basi iache ikatale," nilimwambia.

Akafuta mstari wa kuhifadhi. Nikaenda kurudisha funguo.