Chenga Hazikai Mahali Pamoja

Dada yangu mkubwa hamwamini mtu, na sisemi hivi kumsengenya maana mwenyewe analijua. Maziwa anayanusa kabla hujamaliza kuyamimina. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani. Miaka thelathini na moja amepiga picha za pasipoti na vitambulisho katika studio yake ya chumba kimoja, na muda wote huo amewatazama watu usoni kama wanamficha kitu. Mtaani wanamwita Bi Hakiki. Mimi, mdogo wake, natengeneza fremu nyuma ya pazia jeusi la studio hiyohiyo, na ndiye ninayeumia zaidi, kwa sababu kila fremu ninayokata anaipima upya kwa rula yake.

Kazini ana ugomvi mmoja wa kudumu, nao ni chenga. Ukipiga picha mahali penye giza inabidi upandishe ISO, yaani uilazimishe kamera ione kwa mwanga kidogo, nayo ikilazimishwa inajaza picha vipunje vya rangi, kama televisheni ya zamani iliyopoteza mawimbi. Hivyo vipunje ndivyo chenga. "Chenga ni uongo wa kamera," dada huwa anasema, "lakini angalau ni uongo unaouona."

Picha iliyotugombanisha ni ya mdogo wetu wa kike, kitinda mimba, fundi wa nguo, aliyefariki mwaka jana ghafla kwa shinikizo la damu. Huyu hakupenda kupigwa picha. Ukishika kamera tu anainama chini ya cherehani kutafuta kitu ambacho hakijaanguka. Alitupiga chenga maisha yake yote, mpaka dada akaapa atamvizia.

Akamvizia kweli, alasiri moja ya mvua kubwa, umeme umekatika. Alisimama uani, mwavuli kaubana kwa shingo, nje ya dirisha la chumba cha kushonea. Akapandisha ISO mpaka mwisho, akabonyeza mara tatu, akakimbia kabla lenzi haijalowa. Mvua ilivyokuwa inapiga bati, hakusikia kilichosemwa mle ndani, wala hakuona kama kuna mtu mwingine. Siku tisa baadaye mdogo wetu akatutoka.

Mtu mwingine alikuwemo, na ni binti yake. Hilo tulikuja kulijua mwezi uliopita, siku mpwa wangu huyo alipoingia studio na kompyuta yake kwapani. Alikuwa anafungua duka lake la ushonaji Jumatatu, na alitaka picha ya mama yake ukutani, kubwa, mita nzima. Fremu alikuwa ameshaniagiza.

"Mama mkubwa, ile picha ya dirishani bado unayo?"

"Ninayo. Imejaa chenga, haifai."

"Kuna programu ya akili mnemba inazitoa. Naomba tujaribu."

"Inazitoa inazipeleka wapi?"

Mpwa wangu akacheka, nami nikacheka. Dada hakucheka. Alisimama nyuma ya kiti na mikono kifuani, akiitazama ile kompyuta kama vile ni mteja aliyekuja na kitambulisho cha mtu mwingine.

Haikuchukua hata dakika. Chenga zikayeyuka kutoka pembeni kuja katikati, na tukaona kitambaa mezani, gurudumu la cherehani, mkunjo wa kola. Kisha uso. Mdogo wetu alikuwa amegeukia upande wa mlango, ngozi laini, na mdomoni ana tabasamu dogo la mtu aliyeridhika. Mimi si mtu wa machozi, ila nilikwenda nyuma ya pazia kutafuta gundi ambayo sikuwa nimeipoteza.

Niliporudi, mpwa wangu alikuwa analia wazi.

"Ananitabasamia mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa pale mlangoni."

Ndipo akatueleza. Siku ile alikwenda kumwambia mama yake kwamba amechoka kushona chini yake, anahamia kwa rafiki yake na anaanza kazi katika kiwanda cha sare. Aliyasema yote kwa mkupuo, akasubiri ajibiwe. Mama yake akaguna tu, "Mh." Binti akafunga mlango akaondoka, na hawakuonana tena.

"Mwaka mzima nimekaa nikijua amekufa na kinyongo na mimi. Sasa tazama, mjomba. Alikuwa anatabasamu."

Mtu yeyote mwenye akili timamu angenyamaza hapo. Dada akavuta kiti, akavaa miwani, akaukuza ule uso mpaka ukajaa kioo chote.

"Hizi kope kazitoa wapi?"

"Nani?"

"Hiyo mashine yako. Mdogo wangu hakuwa na kope za ndama."

Nilimkanyaga mguu. Hakujali. Akaweka picha yenye chenga upande huu na iliyosafishwa upande ule, akashuka kutoka kwenye macho hadi pua, hadi mdomo, na pale akakwama. Kwenye ile ya chenga, katikati ya midomo, kulikuwa na vidoa vinne vyeupe. Kwenye iliyosafishwa havikuwepo.

"Na hivi?"

"Hizo ni chenga tu, mama mkubwa."

"Mama yako kashona miaka ishirini na mbili. Pini alikuwa anaziweka wapi?"

Sote tulijua. Alikuwa anazibana kwa midomo, vichwa vikiwa nje, na kila siku tulimtania kwamba ipo siku atameza moja.

"Unabahatisha tu," mpwa wangu alisema. "Programu imefundishwa kwa mamilioni ya nyuso."

"Za watu wengine. Huyu haijawahi kumwona. Imekuta midomo imebanwa, ikamwekea tabasamu la mtu mwingine."

"Mama mkubwa, ukiniondolea hilo tabasamu, mimi nabaki na nini?"

Hapo nikapandwa na hasira, na nikazitoa. Nilimwambia dada amwache mtoto wa watu, maiti hafufuki kwa kupimwa kwa rula, na fremu nimeshaikata. Akaniangalia vilevile anavyoziangalia fremu zangu, akainuka, akafungua droo.

Dada hafuti picha hata moja. Kila kadi ya kamera ameitia kwenye bahasha yake na tarehe juu. Akaitoa ya siku ile ya mvua.

"Huwa napiga tatu," alisema. "Ya kwanza ya mteja, ya pili shahidi."

Akafungua ya pili, akaiweka kando ya ya kwanza, mdomo kwa mdomo. Tulisogea. Chenga zilikuwa zimejaa kotekote, lakini hazikufanana. Penye kipunje chekundu shavuni kwenye picha ya kwanza, kwenye ya pili palikuwa patupu. Ukutani vyote vilikuwa vimehama. Ila vile vidoa vinne vya mdomoni vilikuwa palepale, kwenye mstari uleule.

"Chenga hazikai mahali pamoja mara mbili," dada alisema. "Pini zinakaa."

Mpwa wangu akavihesabu kwa kidole.

"Kwa hiyo hakutabasamu."

"Hakutabasamu, mwanangu."

Nimeishi na dada yangu miaka hamsini na nne, na ile ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitamani awe amekosea. Nikamwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye.

"Na ya tatu?" niliuliza, kwa ubishi tu.

"Ya tatu ni uji. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka, mkono ukatikisika."

"Fungua."

Akafungua. Kweli ilikuwa uji, giza na vipunje. Lakini miaka yote hii ya kutundika picha kwenye kuta za watu imenifundisha jambo moja, nikawaambia warudi nyuma hatua nne. Tukarudi, mpaka mgongo wa dada ukagusa pazia. Kutoka pale chenga zikatulia zenyewe.

Mdogo wetu alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti. Mkono mmoja uko karibu na kidevu, na kati ya vidole kuna ule mstari mweupe wa pini. Mdomo uko wazi kabisa. Shingo ameinyoosha kuelekea mlangoni.

Dada akaenda kusoma saa iliyoandikwa kwenye picha. Sekunde tatu baada ya ya pili.

Mpwa wangu alibana midomo yake, kwa nguvu, kama mtu aliyeshika kitu katikati. Kisha akajaribu kusema. Kilichotoka ni "Mh."

Akajaribu tena. "Mh."

"Hakuweza kusema zaidi ya hapo," alisema. "Alizitoa ili anijibu. Mimi nilikuwa nimeshafunga mlango."

Dada akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Hatujui alikuwa anasema nini," alisema mwishowe, maana hawezi kujizuia. "Huenda alikuwa anakutukana."

"Huenda," mpwa wangu alijibu, akicheka na kulia pamoja. "Lakini alikuwa ananiita."

Tulichapa hiyo ya tatu, na chenga zake zote. Ilikuwa picha ya kulala, pana kuliko urefu wake, na fremu niliyokata ilikuwa ya kusimama, kwa hiyo nikaanza upya. Dada akaipima mara mbili, akairudisha rula kwenye droo.

Jumatatu tuliibeba hadi dukani. Nilidhani itakaa ukuta wa mbele, wateja wakiingia waione, lakini mpwa wangu akanionyesha ukuta wa pembeni, juu ya cherehani. Nikaitundika. Dada akarudi nyuma hatua nne, akatazama, kisha akaenda kuujaribu msumari kwa mkono. Kutoka ukuta ule mdogo wetu alikuwa anatazama mlango moja kwa moja.

Alasiri mvua ikaanza, na maji yakawa yanaingia hadi kwenye vitambaa. Nikainuka nikafunge mlango.

"Uache wazi, mjomba," alisema.