Mgeni Aliyeulizia Vichwa Vyetu

Miaka ya sitini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mukuju, bado sijaolewa, na kichwa kilikuwa kikinishika upande mmoja hadi nashindwa kusimama mbele ya watoto. Kabla hakijaanza kuuma, taa ndogondogo zilicheza pembeni mwa jicho na kunizibia nusu ya ubao. Mwalimu mkuu akanishauri niende Tororo, hospitalini, kwa daktari mmoja aliyesomea ubongo na aliyekuwa akitafuta chanzo cha kipandauso.

Alikuwa mtu mpole, wa upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Alitaka kujua nilikula nini siku moja kabla, nililala vipi, kama jua la mchana au harufu ya samaki hunisumbua. Nilipomweleza zile taa, akachukua karatasi akachora mstari uliopindapinda kama meno ya msumeno. Nusura nilie. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani niliyeziona. Akasema wenzake wengi waliamini kwamba mishipa ya damu kichwani hubana, kisha hutanuka. Yeye alitaka kujua kinachoianzisha ni nini, na kwa nini ugonjwa uchague familia fulani. Akaomba aende kwetu Dabani akazungumze na wazazi wangu.

Nikawapelekea habari kwamba daktari wa Tororo angekuja kuongea nao. Wao wakaelewa walivyoelewa.

Tulipofika, ua ulikuwa umefagiliwa, shangazi zangu wamevaa magauni yao ya gomesi ya sikukuu, na Baba yumo ndani ya koti la kanisani. Mama hakuonekana, alikuwa jikoni. Kuku akaletwa, na Baba akamwachia mgeni firigisi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Daktari akaanza maswali yake. Je, bibi yangu aliumwa kichwa? Dada za Baba je? Kuna mwenye kifafa? Baba alijibu taratibu, akiusifia ukoo: kifafa hakuna, ukoma hakuna, kichaa hakuna, na wanawake wetu wana nguvu ya kulima hadi jua lizame. Hapo ndipo nilipoelewa, nikatamani ardhi inimeze. Kwetu, mtu anayekuja kuulizia magonjwa ya ukoo huwa anatafuta mke. Mama naye alikuwa amejificha kwa sababu mama mkwe haketi na mkwewe.

"Wewe nauliza vizuri," Baba akamwambia. "Lakini wazee yako iko wapi? Kwa mambo kama hii, mtu hapana kuja peke yake."

Daktari akanitazama, akawatazama shangazi zangu, kisha akaitazama firigisi kwenye sahani yake.

"Mzee, unisamehe," akasema. "Mimi nina mke na watoto. Nimekuja kwa ajili ya kichwa cha mwalimu tu."

Shangazi mmoja akaangua kicheko. Baba akamfuata, akacheka hadi akajifuta machozi, akamwambia daktari ale, maana kuku keshachinjwa.

Sasa Mama hakuwa na sababu ya kujificha. Akaingia akikausha mikono, akaketi mkekani, akaniambia kwa Kisamia bila kumtazama mtu, "Mwambie hizo taa hata mimi naziona. Tangu nikiwa msichana."

Nilipotafsiri, daktari aliacha kula. Akamuuliza mengi, naye akajibu: taa huzimika, maumivu huja, hutapika, na hataki kusikia sauti wala kuona mwanga.

Siku hizo sote tulizijua. Mama alifunga dirisha, akalala akiutazama ukuta, asimjibu yeyote. Sisi watoto tuliambiwa amenuna. Baba, akiamini kwamba amemkosea lakini asijue kosa lenyewe, aliondoka kwenda Busia na kurudi jioni na sukari, akaiweka mlangoni.

Baba akamgeukia Mama. "Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Ulikuwa unaniletea sukari," Mama akasema.

Daktari alirudi kwetu mara kadhaa, akafika hadi Buteba kwa ndugu za Mama, na huko nako akawakuta wenye taa zao. Alipohamishwa, aliniambia wazi kwamba chanzo hakukipata. Alichoweza kusema ni kwamba katika nyumba yetu ugonjwa ulishuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Alituachia vidonge vya kumeza mara tu taa zinapoanza, na vilitusaidia karibu nusu ya nyakati hizo.

Baba yeye alijitafutia tiba yake. Kichwa kilipomshika Mama, alitundika blanketi dirishani, akafukuza kuku wote uani, akaketi kizingitini. Mgeni akija, Baba alimwinulia mkono akiwa bado mbali, naye mgeni alitembea kwa kunyata hadi mlangoni, wakasalimiana kwa kunong'ona.