Sikio Alipochagua Gari la Umeme

Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana kwa mkewe na ofisi ya kodi tu. Wengine wote walimwita Sikio, na hawakuwa wakimtania, ilikuwa sifa. Kwa miaka thelathini na moja, mtu aliyetaka kununua gari kuukuu hakuthubutu kutoa hela kabla fundi huyu hajaenda naye kulitazama. Alifika, akaamuru liwashwe, akachomoa bisibisi yake ndefu mfukoni, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, kisha akafumba macho. "Beringi hii inakufa," alisema. Au, "Chukua, injini hii nzima." Hakuwahi kukosea, angalau kwa jambo kubwa. Wauzaji matapeli walimwogopa kuliko polisi.

Basi kichwa kilimvimba kidogo, na nani asingevimba kichwa? Wageni wakija nyumbani, mkewe alimmwagia sifa mpaka chai ikapoa.

Ndipo shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alipostaafu ukunga hospitalini. Alipata kiinua mgongo chake na papo hapo akapata kazi nyingine: kuzungukia zahanati tatu ambazo hazikuwa na mkunga hata mmoja. Ile ya mbali ilikuwa kilometa arobaini na tano kutoka kwake, juu vilimani, barabara ya vumbi tupu. Wanawake wa kule walikuwa wakiteremka kwa pikipiki wakati uchungu umeshaanza. Petroli ingekula mshahara wake wote, kwa hiyo akakata shauri kununua gari la umeme, awe analichaji nyumbani.

"Shemeji, mahitaji yangu si mengi," alimwambia Sikio. "Nataka linipeleke kule juu na kunirudisha, kilometa tisini, bila kunilaza njiani. Na pesa ndiyo hiyo, nyuma yake hakuna nyingine. Utanichagulia?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "Shemeji, hayo siyajui." Maneno matatu. Sikio hakuwahi hata kufunua boneti ya gari la umeme. Lakini mkewe alikuwa amekaa pale pale akimtazama kwa fahari, na Sikio akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Hilo tu? Niachie mimi."

Kwenye yadi ya magari, binti wa mauzo aliwaonyesha mawili yaliyolingana na bei yao. La kwanza lilikuwa dogo, jeupe, mlango umebonyea, viti vimechanika. La pili la bluu, rangi inang'aa, matairi mapya. Sikio akatoa bisibisi kwa mazoea. Binti akabonyeza kitufe.

"Limeshawaka," alisema.

Kimya. Hapakuwa na mngurumo wala mtetemo. Sikio alisimama na bisibisi mkononi, jasho jembamba likimtoka, asijue aiweke wapi. Mwishowe akairudisha mfukoni na kujikohoza.

"Mzee, kwenye haya magari jambo kubwa ni betri," binti alisema. "Kuna kifaa tunakichomeka hapa, kinaonyesha betri imebaki na nguvu kiasi gani. Dakika tano tu. Niwapimie yote mawili?"

Alisema kwa adabu zote. Sikio akasikia dharau ambayo haikuwepo.

"Binti, mimi nimeanza kufungua magari wewe hujazaliwa. Sipimiwi gari na kidude."

Akaingia uvunguni. Huko chini ndiko kwake: akatikisa bushi, akagonga chesisi, akachungulia breki. Katika yote aliyoyajua, lile la bluu halikuwa na kasoro hata moja. Akatoka anapangusa mikono, sauti imemrudia.

"Chukua hili la bluu."

Shemeji yake alimtazama kwa muda. "Una hakika?"

"Kabisa."

Akalipa.

Wiki ya kwanza mkunga alikwenda zahanati za karibu, mambo yakawa shwari, na Sikio akatembea kifua mbele. Wiki ya pili akapanda ile ya mbali. Wakati wa kurudi gari likamzimikia, bado kilometa ishirini na nane afike kwake, na mama wa miaka sitini akavutwa hadi nyumbani kwa trekta la kubebea mchanga. Waliporudi yadi, binti alichomeka kifaa. Betri ilikuwa imechakaa, nguvu zake zimebaki nusu. Lile jeupe, ambalo mwalimu mmoja alikwishalinunua, lilikuwa limepimwa kabla hajalichukua, likakutwa na betri karibu nzima. Na betri mpya je? Binti alitaja bei. Shemeji akacheka kicheko kifupi, maana kwa bei hiyo angepata gari jingine.

Zahanati ya mbali akaiacha. Hakupatikana mwingine wa kwenda. Hata hivyo hakumlaumu Sikio, na hilo ndilo lililomtafuna mwanamume huyu. Watu wakimwuliza habari za gari, mkunga alijibu kwa upole, "Shemeji yangu ndiye aliyenichagulia," basi.

Siku moja mchana Sikio alishindwa kuvumilia, akamfuata kwake. Alipewa kiti, hakukaa.

"Shemeji, nitukane. Siku ile sikujua kitu. Nilikuwa nababaisha tu."

Mkunga alikuwa akikunja sare zake. Aliendelea kukunja. "Najua."

"Umejuaje?"

"Nilijua pale pale yadi. Nimezalisha miaka thelathini, mtu mwenye hofu namjua akiwa bado mlangoni. Nilitaka kumwambia yule binti apime. Halafu nikajisemea, nitamwumbuaje mume wa mdogo wangu mbele ya mtoto kama yule? Nikasema hata akikosea, atakosea kidogo."

Sikio akaushika mgongo wa kile kiti.

"Jana nimeletewa habari," mkunga alisema. "Mmoja wa kule juu kajifungulia njiani, kwenye pikipiki. Mtoto hakupona."

Akaweka sare ya mwisho juu ya nyingine.

"Kwa hiyo usiniombe nikutukane, shemeji. Nikianza na wewe, itabidi nimalizie kwangu."

Sikio akakaa kwenye kile kiti.