Mke Mwenza wa Kwenye Simu

Huku ughaibuni, kwenye basi la kutoka mtaa wa Muaither, nilikaa nyuma ya Wakenya wawili: mume asiyeona na mkewe muuguzi, bado amevaa sare. Walikuwa wanatafuta nyumba ya kupanga mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Tovuti ya nyumba ilikuwa imetengenezwa upya ili simu iweze kuwasomea wasioona, kwa hiyo sauti ya kike kwenye simu ilimsomea mume vyumba, kodi, hata ghorofa.

"Zamani nilikuwa nakusomea mimi," mke akasema, amekunja mikono.

"Sasa pumzika, mama."

"Nani alikwambia nimechoka?"

Mume akacheka, akaendelea kusikiliza. Mara akakunja uso. "Hapa anasema 'picha' tu, halafu ananyamaza. Picha ya nini?"

"Si umuulize huyo wako!"

Lakini mke alikuwa ameshaichukua simu. "Ni jikoni. Dirisha linatazama ukuta. Hatuichukui."

"Basi hatuichukui," mume akasema, akamwegemea.

Wenye tovuti walisahau kuieleza ile picha kwa maandishi ambayo sauti ingeyasoma. Wairekebishe, ni haki ya yule mume. Ila wivu ulinishika na mimi. Mimi na mke wangu tunaona vizuri sana, na sikumbuki mara ya mwisho aliponiuliza ninaona nini.