Kishikio cha Birika na Kura Tano

Tulimwita Mzee Bado kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake. Kalibu iko tayari? "Bado." Rangi imekauka? "Bado." Alikuwa fundi wa kalibu, zile za kuundia mabirika, tangu kiwanda chetu kikiwa na mashine moja. Nyumbani mkewe alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kwa umri ule hakuna kiwanda kingine ambacho kingemchukua.

Mwaka ule meneja alimwondoa msimamizi wetu. "Nyie watano mtajiongoza," alisema. "Mtabuni birika jipya, mtalijaribu, mtaamua kila kitu wenyewe." Tukapiga makofi kama wajinga. Mimi, mchomeleaji, nilipiga kuliko wote.

Siku ya kulikabidhi, Mzee Bado alichemsha maji kwenye birika letu, akakamata kishikio kwa mkono mtupu, akaachia haraka.

"Bado, wanangu. Kinaunguza."

"Mzee, tumeshachelewa!" mchoraji wetu alifoka.

"Basi mama yako aungue?"

Tulirudia kazi wiki sita. Meneja akaja amevimba. "Timu ya wanne ingewahi. Chagueni wa kuondoka. Mnajiongoza, mimi simo." Mtu wa ovyo kabisa yule.

Dawa aliitoa Mzee Bado mwenyewe: kila mmoja aandike jina lake mwenyewe. Kura zikiwa mojamoja, hakuna wa kufukuzwa. Tukashikana mikono, tukaapa.

Nilipoinamia karatasi yangu niliwaza watoto wangu wadogo. Nikajiambia mzee amekula chumvi nyingi, atavumilia. Nilijua fika kwamba kura yangu moja tu ingetosha kumtoa, kwani wenzangu wangeshika kiapo. Nikaandika jina lake.

Mchoraji akazifungua, akazisoma kwa sauti. Mzee Bado. Mzee Bado. Mzee Bado. Mzee Bado. Ya tano ilikuwa na jina lake kamili, kwa mwandiko wa taratibu wa mtu aliyesoma ukubwani. Yeye peke yake ndiye aliyeshika kiapo.

Hakutukana. Alichemsha maji mara ya mwisho, akashika kishikio, akakaa nacho muda mrefu.

"Sasa tayari," akasema, akavua aproni.

Birika lile limeuzika sana. Hata mke wangu analo. Kila asubuhi analishika bila kitambaa, ananimiminia chai, na haungui.